Moja kwa Hamsini

Miaka ishirini na sita Kilindini
nilihesabu makontena.
Niulize la futi arobaini linameza magunia mangapi,
nitakwambia bila kalamu.
Leo, na hamsini na tatu zangu, nimekaa dawati la mbele
ghorofani Ganjoni, juu ya duka la vipuri,
na mstari ulionyooka umenishinda.

Mwalimu Wakesho angekuwa kitindamimba wangu.
Ananishika mkono kama anayemfundisha mtoto alifu:
"Bi Rukia, usiisukume penseli. Ivute.
Na mstari una mwisho, usiuache unaning'inia."
Vijana wa nyuma wanachora kwa kompyuta,
kuta zao zimesimama kabla sijaiona raba yangu.
Sicheki, silii. Nachonga penseli
hata inabaki kama kipisi cha mswaki.

Kazi ya kwanza: kapime nyumba unayoishi.

Nikarudi Kibokoni na futi ya chuma.
Swabri wa jirani akanishikia ncha,
shilingi ishirini kwa kila ukuta.
Nyumba ile nimezaliwa ndani yake.
Kumbe hakuna pembe iliyo pembe:
huku nyuzi themanini na sita, kule tisini na tatu,
kuta za matumbawe, nene kama dhiraa,
zimejilaza kivyao.
Aliyezijenga alipima kwa mkono wake
na mkono wake umelala Kikowani.

Karatasini, mlango una mkia:
robo ya duara, njia unayoifagia ukifunguka.
Nikachora mkia wa mlango wa chumba cha ndani.
Ukagonga kabati.
Nikafuta, nikapima tena. Ukagonga.
Upenyo wa sentimita hamsini na nane, basi.
Nami miaka yote napita upande upande, kama kaa,
na kama kaa, nilidhani huko ndiko mbele.

Kisha Mwalimu akatwambia: kiti cha magurudumu
chataka duara la mita moja na nusu kugeuka.
Nikapanua bikari, sentimita moja na nusu.
Nikaliweka duara chumbani mwa Mama.
Halikuenea.
Nikalisogeza huku, nikalisogeza kule,
kama mtu anayetafuta pa kutua sinia kwenye shughuli.
Halikuenea.

Miaka miwili tunasema Mama hataki watu.
Tunasema uzee. Tunasema, ana kiburi chake tangu zamani.
Wageni wakija, twamshushia pazia kwa heshima.
Naye hakutukanusha.

Nikampelekea mchoro kitandani.
Akavaa miwani, akaugeuza juu chini.
"Na mimi niko wapi?"
Nikamwonyesha duara.
"Nimenenepa." Akaliangalia sana.
"Hilo kabati kanunua babako. Silipendi tangu siku ile.
Litoeni."

Ukuta hauvunjwi, nyumba ni ya wakfu.
Lakini kabati lilitoka Alhamisi, wanaume wanne
na maneno nisiyoyaandika.
Mama akashika magurudumu mwenyewe.
Akageuka. Mzunguko kamili, bila kugusa kitu.
Akaelekea sebuleni, kwenye sauti za watu,
akakwama.

Kizingiti. Mbao ya mvule, vidole vitatu kwenda juu.
Sikukichora. Ukiitazama nyumba kutoka juu,
kama ndege, kama malaika,
kizingiti ni mstari tu
na mstari haumkwazi mtu.

Nikampigia Mwalimu simu. Nikamsikia akitafuna.
"Ndiyo maana Jumatatu tunaanza mkato, Bi Rukia.
Unaipasua nyumba kama papai,
unaitazama kwa ubavuni."

Jumatatu ni mbali.
Nikang'oa karatasi, nikaulaza ubao wangu wa kuchorea
juu ya kizingiti.
Magurudumu yakaukanyaga.
Ubao ukalia, haukuvunjika.